Mgahawa wa Kijapani Masaki: nenda mchana, ukae kaunta

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikisema nimekwenda kula chakula cha Kijapani. Mgahawa wenyewe uko Masaki, Dar es Salaam. Si wa hoteli kubwa, wala si kibanda cha sushi (wali wa siki na samaki mbichi) za kwenye boksi. Ni wa kati. Seti ya sushi ni shilingi 48,000, rameni (tambi za supu) 34,000, tempura ya kamba (waliovikwa unga na kukaangwa) 30,000, supu ya miso 7,000, na seti ya mchana, ile wanayoiita bento, ni 35,000 pamoja na supu yake. Watu wawili wasiokunywa pombe wanatoka jioni na bili ya laki na nusu hivi. VAT imo kwenye bei, ila chini kabisa ya menyu, kwa maandishi ambayo wifi yangu aliyasoma kwa tochi ya simu, wameandika kwamba huduma ni asilimia 10 juu yake. Kulipia huduma sikatai. Lakini kama mna nia njema, andikeni pale juu, karibu na jina la mgahawa, mtu alione kabla hajaagiza.

Tulikwenda Jumamosi jioni, mimi na wifi aliyekuja kutoka Tanga. Wifi ni mtu wa pwani kwelikweli, samaki anamfunua mashavu kabla hajauliza bei. Alipoiona seti ya sushi kwenye menyu akaniinamia: "Wifi, samaki hata moto hajauona, halafu bei ya kuku wawili wa kienyeji?" Mhudumu alikuwa amesimama hapohapo, akasikia, akacheka. "Mama, hapo unalipia kisu." Jibu zuri, na lina ukweli, lakini Jumamosi ile kisu kilifanya kazi yake na wali ukaiharibu.

Watu wengi wakila sushi wanamsifu au kumponda samaki. Mimi siku hizi naanza na wali. Mchele wa Kijapani ni wa punje fupi, na wanga wake unafanya punje zishikane. Sisi tuliolelewa na wali wa kuchambuka tukiuona tunasema umekuwa bokoboko, na wifi alisema hivyo hivyo. Sivyo. Wali wa sushi ukipikwa vizuri, kila punje unaisikia kwenye ulimi ingawa zimeshikana. Unatiwa siki ya mchele, sukari na chumvi ungali wa moto, unageuzwa kwa mwiko huku unapepewa, kisha unatumika ukiwa na uvuguvugu wa mwili. Ukiingia friji, kwisha habari: wanga unakaza na punje zinakuwa ngumu katikati. Wa kwetu Jumamosi ile ulikuwa kiporo. Ulikuwa wa baridi, unavunjika kwa mabonge, na siki yake imebaki ukali tu. Juu ya wali wa namna hiyo hata samaki bora anaonekana wa hovyo.

Kuhusu samaki wenyewe, ushauri wangu ni mmoja: agiza jodari, achana na salmoni. Salmoni ana rangi ya kupendeza kwenye picha, ndiyo maana kila meza ilikuwa naye, lakini huyo amesafirishwa kutoka mbali na kwenye sushi ni mgeni hata kwa Wajapani. Zamani walimla amepikwa au ametiwa chumvi, kwa kuogopa minyoo. Waliomwingiza kwenye sushi ni Wanorwe, waliokuwa wakitafuta soko la samaki wao wa kufugwa kwenye miaka ya 1980. Jodari ni wa bahari yetu. Nilimuuliza mhudumu, "Dada, huyu mmemtoa wapi?" akasema wapo wanaotoka soko la samaki la Feri na wapo wanaoletwa na wavuvi moja kwa moja. Lile soko la Feri lenyewe, kwa wasiojua, majengo yake yalijengwa kwa msaada wa serikali ya Japani, kwa hiyo mzunguko wake una mantiki.

Anayeogopa samaki mbichi ana haki ya kuuliza maswali. Kanuni ya Wamarekani kwa samaki wengi wa kuliwa wabichi ni kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, ili minyoo ife. Jodari wakubwa hawamo kwenye sharti hilo. Hatari ya jodari ni nyingine. Akiachwa kwenye joto anatengeneza histamini, aina ya sumu, na hiyo haiondoki kwa moto wala kwa barafu. Ulimi ukianza kuwasha na mdomo ukachoma, acha hapohapo, hata kama umeshalipa. Wa hapa alikuwa safi, mwekundu uliokolea, hana harufu. Wifi alionja kipande kimoja, akatafuna kwa muda mrefu, akasema, "Si mbaya. Ila mimi ningempaka ndimu na pilipili nikampeleka jikoni."

Kilichomfurahisha ni tempura, na hapo tulikuwa pamoja. Kama mgahawa huu una kitu kimoja cha kukutoa nyumbani kwenye foleni ya Jumamosi, ni karai lao. Kamba waliletwa watano, wamenyooka, kwa sababu mpishi huwachanja tumboni kabla ya kukaanga ili wasijikunje. Unga umekaa juu yao mwembamba, umechanuka kwa vijinyuzi, na ukiuma unalia. Kinachofanya hivyo si kiungo cha siri: ni unga wa ngano na maji ya barafu, unaokorogwa kidogo tu na kuachwa na mabonge yake. Ukiukoroga sana unavutika, halafu unanyonya mafuta. Pembeni palikuwa na kiazi kitamu, biringanya, boga na bamia nzima. Bamia! Wifi aliigeuza kwa kijiti, akaiuma, akatafuta ule utelezi asiuone. Akaomba nyingine.

Yeye aliita bajia na mhudumu hakubisha. Historia nayo haibishi sana, maana mtindo huo wa kukaanga inasemekana Wajapani waliupata kwa Wareno, waliofika kwao mwaka 1543, wakati huku kwetu walikuwa wameshatuzoea. Miaka 50 baadaye wakaanza kujenga ile ngome ya Mombasa. Sisi walituachia ngome na maneno ya mezani.

Kuna jambo moja Waislamu walijue kabla ya kukaa. Wifi aliuliza kuhusu pombe, na kwa hili nampongeza sana mhudumu, hakubahatisha. Alikwenda jikoni, akakaa kidogo, akarudi na majibu. Mchuzi wa teriyaki, ule mtamu wa soya, una mirini, ambayo ni kileo kitamu cha mchele cha kupikia. Ule wa mishikaki ya kuku nao unayo. Mchuzi wa kuchovyea tempura unayo pia. Rameni moja ni ya mifupa ya nguruwe, nyingine ya kuku, lakini zote mbili viungo vyake vina sake kidogo, yaani pombe ya mchele. Wifi akauliza tena, "Na hayo mafuta ya karai, mnakaangia na kitimoto?" Dada akajibu bila kusita: "Hapana mama, kitimoto kina karai lake." Basi tempura ikaliwa kwa chumvi na ndimu, na kusema kweli hivyo ndivyo inavyokuwa tamu zaidi. Lakini kwa nini mtu aulize? Mji huu umejaa Waislamu. Alama ndogo kwenye menyu, wino hauzidi wa shilingi mia.

Rameni ya kuku niliagiza mimi, na ilikuja vuguvugu. Supu yenyewe ilikuwa nzuri, nzito, ina ladha ya mfupa uliochemka saa nyingi, na yai lake la kuloweka kwenye sosi ya soya lilikuwa na kiini cha kulegea kama inavyotakiwa. Nikairudisha. Ikarudi inachemka, sasa tambi zimelainika na kupoteza ule mvuto wake. Tambi za rameni huwekewa madini ya alkali, jamaa ya magadi tunayoyatia kwenye mlenda na maharage. Ndiyo yanayozipa rangi ya njano na kuzifanya zivutike kwenye meno. Zikikaa kwenye supu dakika chache zaidi, hiyo kazi yote imepotea. Rameni ni chakula cha kuliwa haraka na kwa kelele. Kuivuta kwa sauti Wajapani hawaoni aibu, kwa hiyo nawe usione.

Nisingerudi, ila shirika tunalofanya nalo kazi lina ofisi karibu na hapo, na siku moja ya kazi kikao kiliisha kabla ya saa saba mchana. Nikaingia peke yangu, nikakaa kaunta mbele ya mpishi. Ulikuwa kama mgahawa mwingine.

Mpishi wa kaunta ni kijana wa Kitanzania, na ameiva. Wali ulikuwa kwenye beseni la mbao, umefunikwa kitambaa kibichi, mvuke bado unatoka. Analowesha viganja, anapiga makofi mara moja kupunguza maji, anachota wali wa ukubwa wa kidole gumba kwa mkono wa kulia huku kipande cha jodari kimeshalala kwenye vidole vya kushoto. Anakigusa kwa wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, analaza wali juu yake, anaubonyeza kwa vidole viwili, anaugeuza, anaubonyeza tena. Hakamui. Kisu chake kimenolewa upande mmoja, na jodari anamkata mshazari kwa mvuto mmoja, harudii kama anayekata mkate. Akaniwekea kipande kimoja kimoja. Nikashika vijiti, akaniambia, "Dada, kula kwa mkono tu, hata wenyewe wanakula hivyo." Ni kweli, sushi ya kufinyangwa inaliwa kwa mkono bila kuvunja adabu yoyote. Igeuze, uchovye upande wa samaki, si wa wali. Wali ukinywa soya unamomonyoka na chumvi inazidi. Adabu ya kushika kweli ni nyingine: usisimamishe vijiti kwenye bakuli la wali, hiyo kwao ni ishara ya matangani.

Wali wa mchana ule ulikuwa wa vuguvugu, siki na sukari vimelingana, ukitia mdomoni unaachana wenyewe. Nikamweleza habari za Jumamosi. Hakujitetea. "Jumamosi oda za boksi ni nyingi, dada. Wali tunautanguliza." Maana yake unapikwa mapema, unakwenda friji, na wewe uliyekaa mezani unapewa uleule wa kwenda kwa bodaboda. Sidhani kama ni haki mtu aliyevaa akatoka nyumbani kula chakula cha boksi kwa bei ya mezani.

Ile bento ya mchana nayo ina thamani ya pesa yake: vipande vichache vya sushi, tempura ya mboga, kipande cha samaki wa kuchoma, kachumbari ya tango na supu ya miso. Supu isikupite. Miso ni soya zilizochachushwa kwa chumvi, lakini mwili wa supu unatoka kwenye mchuzi wa mwani mkavu na samaki mkavu wa kukwangua. Majumbani kwao wengine hutumia dagaa wakavu. Ndiyo maana mtu wa Kigoma au Mwanza akiinywa hashangai sana. Ya hapa haina chumvi nyingi na inakuja ya moto, mchana na jioni.

Wasabi ni ile ya kawaida ya migahawa ya kati duniani kote, yaani mzizi mwingine mkali uliotiwa haradali na rangi ya kijani, kwa kuwa wasabi halisi ni ghali na hupoteza nguvu dakika chache baada ya kukwaruzwa. Inapanda puani vilevile. Tangawizi ya siki ni ya kusafisha kinywa kati ya samaki na samaki, usiipange juu ya sushi. Aiskrimu ya chai ya kijani ilikuwa na barafu ndani, ruka.

Kaunta ina viti vichache na mchana wafanyakazi wa ofisi za jirani wanaijaza, kwa hiyo piga simu mapema na utaje neno kaunta, la sivyo watakupeleka meza ya karibu na choo. Maegesho yanatosha magari machache tu. Mengine yanapangwa barabarani na mlinzi atakuomba buku ukitoka. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wanatoa bila kuombwa. Ukifika jioni bila njia nyingine, usiagize sushi. Agiza tempura, chumvi na ndimu pembeni, supu ya miso, na uwaambie bamia waongeze.