Akili mnemba ya kupangia kazi kwa biashara ya mtu mmoja: ipi uanze nayo, ipi isubiri

Kazi ya fundi cherehani, mpiga picha wa harusi au mbunifu wa mabango huingia kupitia WhatsApp: ujumbe mrefu, picha mbili, ujumbe wa sauti, na siku tatu baadaye meseji ya M-Pesa. Oda hupotea hapo, kabla haijafika kwenye daftari. Kwa hiyo programu hizi tumezipanga kwa swali moja: je, mtu aliye peke yake anaweza kuutoa ujumbe wa mteja WhatsApp na kuuweka kwenye orodha yenye tarehe, bei na salio, bila kuacha kazi iliyo mkononi? Programu inayoshindwa hapo tumeishusha, hata iwe na mapambo kiasi gani.

1. Google Sheets pamoja na ChatGPT au Gemini ya bure

Sheets ni programu ya majedwali; ChatGPT na Gemini ni akili mnemba za mazungumzo. Anza hapa, hata kama una pesa ya kununua kikubwa zaidi. Unachotumia ni bando tu. Akaunti ya Google huja na GB 15 bure, na jedwali la oda mia tano halitaonekana hata limekula nafasi; picha ndizo hujaza.

Weka safu tisa: A mteja, B kazi, C hatua, D tarehe ya kukabidhi, E saa, F bei, G alicholipa, H salio, I siku zilizobaki. Kwenye hatua tumia orodha ya kuchagua yenye maneno manne, yasizidi: mpya, inaendelea, tayari, imechukuliwa. Mstari wa kwanza ni wa vichwa. Kwenye kisanduku H2 (safu H, mstari wa pili) andika:

=IF(ISNUMBER(F2),F2-G2,"ULIZA")

Na kwenye I2:

=IF(ISNUMBER(D2),D2-TODAY(),"ULIZA")

Buruta zote mbili hadi chini. Kama mteja hajalipa kitu, G iandike 0. Faida ya fomula hizi ni kwamba tarehe iliyobandikwa kama maandishi tu, jambo linalotokea mara nyingi ukinakili kwa simu, inaonekana papo hapo kwa neno ULIZA badala ya kukaa kimya.

Kabla ya oda ya kwanza, fungua faili hilo kwenye kompyuta, hata ya kuazima, uingie kwenye mipangilio ya faili na kubadili nchi kutoka Marekani kwenda Uingereza. Ukiiacha Marekani, 03/08 itasomwa kuwa tarehe 8 Machi wakati wewe ulimaanisha 3 Agosti, na hutapewa onyo lolote.

Sasa upande wa akili mnemba. Hifadhi maelekezo haya mahali unapoweza kuyanakili haraka, na kila siku ubadilishe jina la siku na tarehe tu:

«Leo ni Jumatatu, 2026-08-03. Soma ujumbe wa mteja. Nipe jedwali la mstari mmoja: mteja, kazi, hatua, tarehe ya kukabidhi, saa, bei, alicholipa. Tarehe iandikwe mwaka-mwezi-siku. Saa ni za Kiswahili: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00. Namba ziandikwe bila koma. Ambacho mteja hakukisema andika ULIZA, usikisie.»

Kila sentensi humo inaziba tundu. Chukua ujumbe huu: «Dada, zile gauni nne za sare tunazitaka Ijumaa saa nane, nimekutumia elfu hamsini, nyingine nikija kuchukua.» Usipotaja siku ya leo, Ijumaa inaweza kuangukia wiki nyingine. Usipoeleza saa zetu, saa nane inaweza kurudi 08:00, na utajipangia kukesha bila sababu. Kosa baya kuliko yote ni la pesa: elfu hamsini ni malipo ya awali, lakini bila neno ULIZA programu inaweza kuiweka kama bei kamili, salio likasoma sifuri, na ukakabidhi magauni manne huku unadai. Maneno kama «baada ya Idi» nayo yabaki ULIZA, kwani Idi hungoja mwezi uandame.

Ujumbe wa sauti usiuamini ukigeuzwa maandishi mpaka umeusikiliza tena penye majina, vipimo na kiasi cha pesa. Wala usiiombe akili mnemba ijumlishe madeni ya wateja. Hizi programu za mazungumzo hukosea hesabu huku zikiandika kwa uhakika mkubwa. Zenyewe zipange maneno, fomula zihesabu.

Gemini ina kitufe cha kupeleka jedwali Sheets, ila hufungua faili jipya kila mara. Nakili mstari, ubandike kwenye faili lako. Ukiona kila kitu kimerundikana kwenye kisanduku kimoja, umenakili maandishi yenye koma. Omba jedwali upya.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba jedwali halikuamshi. Tarehe za kukabidhi ziweke pia kwenye Kalenda ya Google, na kikumbusho cha siku mbili kabla.

Ulipie lini? ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi. Kwa mteja wa Kenya, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 inaifikisha dola 23.20. Lipa tu kama toleo la bure linakukatiza katikati ya kazi wiki mbili mfululizo. Kwa kusoma oda tano au kumi kwa siku, ni nadra kufika huko. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay inatosha kwa Kenya, ila kumbuka malipo hujirudia kila mwezi mpaka uyakatishe mwenyewe.

2. Trello ya bure

Hii ni programu ya ubao wenye kadi: kila kazi ina kadi yake, unayoisogeza hatua kwa hatua. Inamfaa mtu mwenye kazi chache ndefu zinazopita hatua zilezile, kama mpiga picha: kupiga, kuchagua, kusafisha, albamu, kukabidhi. Bure unapata mbao 10 (unahitaji mmoja), kanuni za kujiendesha mara 250 kwa mwezi, na faili lisilozidi MB 10. Mstari uliopata kwa akili mnemba unaubandika kwenye kadi. Imeshuka kwa sababu ya pesa: sehemu za ziada za kuandikia bei na malipo zinalipiwa, kwa hiyo salio utalihesabu kando, na penye kando ndipo makosa huzaliwa.

3. Notion

Ni programu ya kuandika na kupanga kurasa, nzuri kwa mwandishi au mshauri ambaye kazi yake ni nyaraka. Mtu mmoja anapata kurasa bila kikomo bure, lakini faili lisizidi MB 5, na tangu Mei 2025 akili mnemba yake kamili imo kwenye mpango wa Business, takriban dola 20 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima. Toleo la bure hukupa kuionja tu. Kwa fundi wa oda, hiyo ni bei ya kazi ambayo namba moja inaifanya bure.

4. Zilizobaki

Todoist ni nyepesi na inapendeza, lakini haielewi tarehe zilizoandikwa kwa Kiswahili, na bure ina miradi mitano. Motion hupanga kalenda yenyewe ila haina mpango wa bure wa kudumu. ClickUp imejengwa kwa timu. Mtu mmoja atamaliza wiki akipanga mipangilio.

Njia yoyote utakayochagua, taarifa za wateja ni dhamana. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya 2022. Kabla ya kubandika ujumbe, futa namba ya simu na jina la ukoo, na kwenye mipangilio ya ChatGPT zima ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kuifundisha. Safu A iandike jina la kwanza na herufi moja, kama Rehema K. Namba yake ibaki WhatsApp.