Bimu safi, ila tageti ilituangusha

Aisee nimemaliza wiki ya majaribio kwenye kituo kimoja cha bimu za ayoni nururishi, yani miale ya atomi zenye mionzi zilizopungukiwa elektroni (kituo sikitaji jina) na niseme tu ukweli, bimu yenyewe nimeipenda. Njia yao ni ile ya ISOL (unatengeneza isotopu, yani atomi za elementi ileile zenye uzito tofauti, ndani ya tageti halafu unazichambua), kama wanayotumia ISOLDE pale CERN, maabara kubwa ya fizikia Ulaya, tangu 1967, yani protoni zinagonga kipande kinene cha kabaidi ya urani (ndo tageti yenyewe) kilichopashwa moto kama nyuzi 2000, atomi mpya zinapenya zinatoka kama mvuke, leza zinang'oa elektroni kwenye elementi unayoitaka tu halafu sumaku inachambua kwa uzito. Leza ndo mchawi hapo, sumaku peke yake haitenganishi elementi mbili zenye uzito unaokaribiana. Tulipoziba leza dakika kadhaa kaunta ikaporomoka, zikabaki takataka tupu, tukajua kumbe tunachopima ndo chenyewe.

Lawama sasa. Tageti ilichoka siku ya tatu, bimu ikawa inapungua kila saa, na kubadilisha si kama balbu jamani, kile kitu kina mionzi mikali, kinashikwa na roboti, tukapoteza zamu mbili hivihivi. Pia isotopu zinazoishi milisekunde chache tu usizitegemee sana, nyingi zinaoza kabla hazijatoka kwenye tageti, hizo nenda kwa wanaopasua ayoni nzito zikiwa mbioni kama FRIB Marekani au RIKEN Japani.

Mafundi wa usiku lakini wako vizuri, unapiga simu saa tisa usiku mtu anapokea. Nyota nne.