Injini ya Land Rover 2.25 iliyofanyiwa ovaholi: bei gani ni ya haki hapa Tanga?

Injini ni ya petroli, ya Land Rover Series III, lita 2.25, imefanyiwa ovaholi kwenye gereji moja ya Ngamiani. Bei ilianzia milioni nne, tukamalizana kwa tatu na nusu. Naiona ya haki kwa sababu moja: fundi alikuwa na karatasi ya vipimo. Bila karatasi hiyo ni mtumba uliopakwa rangi, na mtumba sivuki milioni moja na laki tano.

Anza na silinda. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 90.47, na pistoni za ovasaizi hupatikana za thau 10, 20, 30 na 40, yaani sehemu za elfu moja za inchi. Hii imechongwa 20, kwa hiyo block bado ina nafasi ya kuchongwa tena. Iliyofika 40 safari ijayo itadai slivu nne (bomba jipya la ndani kwa kila silinda), basi gharama hiyo uikate kwenye bei leo leo. Krankshafti nayo ipimwe, maana iliyokwisha kuchongwa 40 haichongeki tena. Tena, injini za kabla ya 1980 zina beringi kuu tatu, za baadaye tano, na krankshafti zake haziingiliani. Muuzaji akikuongezea "kranki ya akiba", hesabu beringi kwanza.

Zile zinazotoka mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe mara nyingi zimekamilika, lakini zimelala bila plagi. Unyevu ukiingia, ringi zinashikana na ukuta wa silinda. Mimina oili kijiko kimoja kila tundu, iache ilale, kesho yake izungushe kwa hendeli. Ikigoma, unachonunua ni block na kranki tu. Laki tano zinatosha. Ng'oa pia kizibo kimoja cha maji ubavuni: huku kwetu wengi hujaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi, na tope la kutu utalikuta hapo.

Inayowaka ipime kompresheni ikiwa ya moto, plagi zote nne nje, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Iliyo chini itilie oili kidogo upime tena: ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, tazama valvu. Mbili jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi. Presha ya oili, injini ikiwa ya moto na gari liko mwendo wa maili 30 kwa saa, iwe kati ya PSI 35 na 65. Funga geji ya kweli. Taa ya dashibodi huzimika presha ikiwa bado ndogo mno, haikuambii kitu.

Zile laki tano za bei ya injini hii zilipungua kwa sababu cheni ya taimingi na tensheni yake hazikuwemo kwenye orodha ya spea mpya, na mlio wa mbele injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta) uliithibitisha orodha. Nisichokipenda ni sili ya nyuma ya kranki, inadondosha oili. Ugonjwa wa kawaida wa injini hizi, lakini kuibadilisha injini ikiwa ndani ya gari ni kushusha giaboksi, kwa hiyo ingebadilishwa ikiwa bado mezani.

Kabureta, distribyuta na klachi havimo kwenye bei. Flaiwili imo, na uso wake umechongwa.