TAHADHARI: Anayeuza "seti kamili" za kuvulia walleye Ziwa Erie

Ndugu zangu mlioko Ohio, hasa mlionunua viboti vidogo na mnataka kuanza kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti inayotembea, kutafuta samaki aina ya walleye Ziwa Erie: kuna mtu anauza "seti kamili", fimbo nne na rili nne (vifaa vya kuzungushia mshipi) zenye kaunta, dola 340. Msimtumie pesa. Mimi nilimtumia.

Nilimwamini kwa sababu ni mwenzetu. Anaandika Kiswahili safi, anakuita kaka, anakuulizia watoto. Alitaka advansi ya dola 100 kwa simu, kisha tukutane kituo cha mafuta. Kila nikitaja mchana, yuko kazini. Tulionana giza limeshaingia, fimbo zimefungwa pamoja kwa mpira. Nikamalizia hela, tukaagana vizuri tu.

Asubuhi nikazilaza sebuleni. Zote zimeandikwa futi 8 na nusu, lakini moja ilikuwa fupi kwa karibu inchi 5. Ilishavunjika ncha, ikakatwa, ikabandikwa pete nyingine ya kupitishia mshipi. Gundi imechuruzika chini ya pete, ukipitisha ukucha unaigusa. Fimbo ya pili nikapitisha pamba ya masikio ndani ya pete zake, nyuzi zikanasa mara mbili. Ufa wa namna hiyo macho hayauoni, ila unakula mshipi polepole mpaka siku samaki wa maana anapovuta.

Rili ndizo zilizoniuma zaidi. Kaunta ipo ili ujue umeachia futi ngapi za mshipi. Samaki akishika chambo kikiwa futi 80 nyuma ya boti, unazipeleka fimbo nyingine hapo hapo. Upande wa magharibi wa Erie, kuanzia Toledo kwenda visiwani, kina cha maji ni kifupi, wastani wa futi 24 hivi, kwa hiyo ukikosea urefu wa mshipi chambo kinalima tope au kinapita juu kabisa ya samaki. Nilifunga mshipi kwenye mti, nikarudi nyuma na futi kamba mkononi. Rili ya kwanza ilisoma 100, na kamba inasema 61. Ya pili 74. Ya tatu kaunta haikugeuka kabisa. Kaunta hizi husoma sawa kibiringo kikiwa kimejaa kwa kiwango chake. Hizo mbili za kwanza zilikuwa nusu tupu, na ukizitazama kwenye taa hafifu ya kituo cha mafuta huwezi kujua.

Ya nne aliniambia ina mshipi wenye kiini cha madini ya risasi, ule mzito unaozama, rangi kumi. Mshipi huo hubadilika rangi kila futi 30, ndiyo maana watu huuhesabu kwa rangi. Nikaufungua wote uani. Nyekundu, njano, kijani, halafu chini yake uzi wa kawaida. Rangi tatu.

Alisifia pia kwamba fimbo zake ni "kaboni ngumu". Kwa kazi hii hiyo si sifa. Boti inatembea wakati samaki anashika. Fimbo ngumu inachomoa ndoana. Tafuta ya faiba ya kioo (fiberglass), laini, inayopinda mpaka katikati. Ukitumia vile vibao vya kupeleka mshipi pembeni ndiyo kabisa, maana navyo vinavuta mfululizo.

Nilipompigia alisema atanibadilishia Jumamosi. Jumamosi akaniblok.

Yeyote akikuuzia vifaa vilivyotumika, kutaneni mchana, nenda na pamba ya masikio na futi kamba, na tafuta kitu cha kufungia mshipi wa rili uupime. Laza fimbo zote sambamba. Mwambie akuvutie mshipi wa rili mbele yako mpaka uone chini yake. Akikataa, ondoka, hata kama amekuita kaka mara ishirini.

Tangazo lake limerudi juzi kwa jina jingine na namba nyingine, bei 290. Picha ni ile ile, fimbo nne zimeegemezwa mlango mweupe wa gereji, ya kushoto ina utepe wa bluu kwenye mpini. Fimbo hiyo ya utepe wa bluu iko hapa kwangu, nyuma ya mlango.