Kutengua hukumu au kukata rufaa?

Uko shambani Rungwe, anakuja dalali wa mahakama na amri ya kuuza shamba lako. Kesi ilisikilizwa upande mmoja, yaani bila wewe kuwepo. Kuna mtu aliapa kwamba ulipewa wito ukakataa kusaini, na wewe hukuuona kamwe.

Wengi hukimbilia rufaa. Rufaa huangalia yaliyomo kwenye jalada, na jaladani kiapo kile cha uongo kinasomeka kama kweli. Inafaa zaidi pale hakimu alipokosea sheria au kupima ushahidi vibaya.

Mimi ningeanza na maombi ya kutengua, yaani kuomba hukumu ifutwe ili kesi isikilizwe ukiwepo, katika mahakama ileile iliyotoa hukumu. Hapo unaweza kuleta kiapo chako, cha jirani, hata cha mwenyekiti wa kitongoji anayejua siku ile ulikuwa wapi. Muda ni siku 30 tangu hukumu. Zikipita, omba kwanza kuongezewa muda, ukieleza kila siku uliyochelewa na lini uligundua udanganyifu. Omba pia utekelezaji usimamishwe, tafadhali usisahau hili: shamba likishauzwa kwa mnada, kulirudisha ni kazi nyingine kabisa.