Bia za Unibroue: ipi ununue kwanza na ipi isubiri

Mnunuzi anayesimama kwa mara ya kwanza mbele ya rafu ya bia za Unibroue mjini Montreal hukutana na mtumbwi unaopaa angani, farasi mweusi, msichana mwenye mabawa, na majina ya Kifaransa ambayo yakitafsiriwa humfanya mtu asite: Iliyolaaniwa, Mwisho wa Dunia, ya Kutisha. Michoro ni mizuri na hadithi zilizo nyuma yake ni nzuri zaidi, lakini hakuna hata moja inayomweleza mtu kama chupa aliyoishika itamfaa kwa chakula cha mchana au itamlaza kabla ya jua kuzama. Wengi huishia kuchagua kwa kuangalia asilimia ya kilevi, wakiamini kwamba namba kubwa ndiyo bia bora. Hilo ndilo kosa ambalo mwongozo huu unataka kuliondoa mapema. Bia sita zilizopangwa hapa zimepimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni kazi iliyofanywa na chachu.

Kiwanda chenyewe kiko Chambly, mji mdogo ulio kando ya mto Richelieu, mashariki mwa Montreal katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Waanzilishi wake walikuwa André Dion, ambaye kabla ya hapo alijulikana katika biashara ya vifaa vya ujenzi, na mwenzake Serge Racine. Mwimbaji Robert Charlebois naye aliingia kama mwanahisa, jambo lililoisaidia sana bia hiyo kutajwa mitaani. Bia yao ya kwanza, Blanche de Chambly, ilitoka mwaka 1992. Kampuni ilinunuliwa na Sleeman, kampuni nyingine ya bia ya Kanada, mwaka 2004, nayo Sleeman ikanunuliwa na Sapporo ya Japani mwaka 2006, kwa hiyo anayetafuta kiwanda kidogo kinachomilikiwa na familia ajue kwamba hapa hatakipata. Kwa maoni yangu, kinachostahili kuamua ni kilichomo ndani ya chupa, na humo bado mna sababu ya kununua.

Kiwanda hiki hakikubuni njia yake kutoka hewani. Kilifuata desturi ya Ubelgiji, ambako bia haipati sifa zake kutokana na kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) peke yake, kama ilivyo kwa bia nyepesi za dhahabu zinazouzwa kila mahali, bali hupata sehemu kubwa ya harufu na ladha kutoka kwa chachu. Chachu za Kibelgiji hupenda joto zaidi wakati wa kuchachuka, na katika joto hilo hutoa harufu za ndizi mbivu, peasi, karafuu na pilipili manga, ingawa hakuna tunda wala karafuu iliyotiwa chunguni. Kisha, bia inapotiwa kwenye chupa, huachiwa chachu hai na sukari kidogo ili ichachuke tena humo humo. Gesi inayotokana na uchachukaji huo wa pili haina pa kutokea; huyeyuka ndani ya bia, na ndiyo inayoleta povu zito na viputo vidogo vidogo. Mashapo meupe yanayoonekana chini ya chupa ni chachu iliyomaliza kazi, wala si dalili ya bia kuharibika. Nimewahi kumwona mtu akirudisha chupa nzima dukani kwa sababu ya mashapo hayo, naye muuzaji akaipokea bila kumweleza lolote.

Nafasi ya kwanza naipa La Fin du Monde, yaani Mwisho wa Dunia, yenye kilevi cha asilimia 9, ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1994. Ni bia ya aina inayoitwa tripel, na ukoo wake unarudi hadi kwa watawa wa Trapisti wa monasteri ya Westmalle huko Ubelgiji, waliotoa bia yao kali ya rangi ya dhahabu mwaka 1934 na kuirekebisha mwaka 1956 hadi ikawa mfano unaoigwa na wengine wote. Ufundi wa tripel uko katika kuficha nguvu zake. Sukari inayoongezwa wakati wa kupika hugeuka karibu yote kuwa kilevi, haiachi uzito mdomoni, na hivyo bia huwa kali bila kuwa nzito wala tamu ya kukinaisha. Watengenezaji wengi hushindwa hapo: ama kilevi huunguza koo, ama utamu hubaki ulimini kama sharubati. La Fin du Monde inapita katikati ya mashimo hayo mawili.

Ili kuiona sifa hiyo, mtu aifungue ile chupa kubwa ya mililita 750, yenye kizibo cha koki kilichofungwa kwa waya. Isimame wima kwenye jokofu usiku mzima ili mashapo yatulie, kisha itolewe robo saa kabla ya kunywewa. Waya ufunguliwe taratibu huku kidole gumba kikikandamiza kizibo, kwa maana msukumo ulio ndani ni mkubwa, na kizibo kisielekezwe usoni mwa mtu. Glasi iwe pana tumboni na iinamishwe; bia imiminwe ikiteleza ubavuni hadi glasi ikaribie nusu, ndipo iinuliwe wima ili povu lipande. Povu hilo ni jeupe, zito, na hukaa. Harufu ya kwanza ni ya maganda ya machungwa na mbegu za giligilani; inayofuata ni karafuu; na bia inapoanza kupata joto la chumba, hujitokeza kitu kama asali, ingawa ulimi unapoigusa hukuta bia kavu. Unapobaki upana wa vidole viwili chini ya chupa, mnywaji huchagua: anayependa bia angavu aache hapo, naye anayependa ladha nzito kidogo, yenye harufu ya mkate, atikise taratibu na kumimina mashapo. Tumbo lisilozoea chachu huweza kulalamika, kwa hiyo anayeonja kwa mara ya kwanza aanze na glasi isiyo na mashapo.

Ya pili ni Trois Pistoles, nayo ina asilimia 9, ila ni nyeusi inayoelekea wekundu ukiiinua kwenye mwanga. Jina lake ni la mji ulio kwenye ukingo wa kusini wa mto Saint-Laurent, na farasi aliyechorwa ni yule ambaye wenyeji husimulia kwamba alikuwa shetani mwenyewe, akalazimishwa kubeba mawe ya kujengea kanisa hadi mtu mmoja alipomvua hatamu, naye akatoweka. Kimea kilichokaangwa hadi kuiva sana hutoa ladha ya zabibu kavu, tini na chokoleti isiyo na sukari, na chachu huongeza viungo juu yake. Kinachoipa nafasi ya pili, mbele ya bia zinazonywewa kwa urahisi zaidi, ni tabia yake ya kuzeeka vizuri. Chachu iliyo ndani ya chupa hula sehemu ya hewa iliyobaki, na kilevi kingi huizuia bia isichakae upesi, hivyo anayenunua chupa mbili, akanywa moja sasa na kuweka nyingine miaka miwili mahali penye giza na ubaridi usiobadilika, atakuta ya pili imepungua makali, imelainika, na inakaribia mvinyo mtamu wa zabibu. Kwa bei ya chupa moja ya mvinyo wa kawaida, sijui kinywaji kingine kinachomwonyesha mnunuzi kwa uwazi namna hiyo kazi ya muda.

Nafasi ya tatu itawaudhi wengi, kwa sababu Blanche de Chambly hupendwa kuliko bia zote za kiwanda hiki, na wapo watakaoona kwamba ilistahili kuongoza. Ina asilimia 5 tu. Hutengenezwa kwa kimea cha shayiri pamoja na ngano ambayo haijaoteshwa, na ni ngano hiyo, pamoja na chachu inayoelea, inayoifanya iwe na ukungu mweupe ambao ndio asili ya jina lake, kwa kuwa blanche ni nyeupe kwa Kifaransa. Bia za namna hii zilikaribia kusahaulika kabisa huko Ubelgiji hadi Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, alipozifufua katika kijiji cha Hoegaarden katikati ya miaka ya 1960. Ile ya Chambly ni nyepesi, ina uchachu kidogo wa limau, na huenda vizuri na kome wa kuchemsha, samaki na saladi. Nimeishusha kwa sababu moja: haivumilii kungoja. Ikipitiliza miezi kadhaa rafuni, harufu ya machungwa hufifia na kubaki ladha ya nafaka tupu, na mnunuzi aliyeipata katika hali hiyo atadhani ndivyo ilivyo. Anayeweza kuipata mbichi, katika duka linalouza kwa haraka, na aipandishe hadi nafasi ya kwanza kwa siku za joto.

Maudite, yaani Iliyolaaniwa, yenye asilimia 8, ni ya nne. Mtumbwi uliochorwa ni wa wakata magogo wa hadithi ya kale ya Quebec, waliofanya mapatano na shetani ili wapae usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya wakawaone wapenzi wao, kwa sharti kwamba wasitaje jina la Mungu njiani. Bia ni nyekundu kama shaba, ina karameli, karafuu na uchungu unaoonekana zaidi kuliko katika bia nyingine za rafu hii. Ni rafiki mkubwa wa chakula, hasa nyama ya kuoka na jibini ya Oka ya huko huko Quebec, ambayo yenyewe ilianzishwa na watawa wa Trapisti. Ikinywewa peke yake, hata hivyo, utamu wa karameli hunichosha kabla ya glasi kuisha, na ndiyo maana sikuipandisha juu zaidi.

Terrible, yaani ya Kutisha, ni ya tano; ina asilimia 10.5 na ni nyeusi. Ni bia nzuri, lakini karibu kila inachokifanya Trois Pistoles hukifanya vilevile ikiwa na kilevi pungufu na urari bora, kwa hiyo naiona kuwa zawadi ya kumpelekea mtu kuliko ununuzi wa kwanza. Ya mwisho ni Éphémère ya tufaha, yenye asilimia 5.5. Ladha ya tufaha huifunika kabisa ile ya chachu, na kwa kipimo tulichokiweka hilo linatosha kuiweka chini. Asiyependa bia huenda akaipenda hiyo, na hakuna ubaya.

Kabla ya kulipa, mambo machache yaangaliwe chupani. Tarehe ya mwisho ya matumizi iliyopigwa kwenye chupa ina maana tofauti kwa kila bia: kwa Blanche na Éphémère tafuta iliyo mbali kabisa, kwa Trois Pistoles na Terrible iliyo karibu si kikwazo, na wakati mwingine ni bahati, kwa sababu duka huipunguzia bei. Pili, ni mwanga. Miale ya jua au ya taa kali huvunja viambato vya hopsi na kuacha harufu inayofanana na ya kicheche. Chupa nyeusi au ya kahawia hukinga kwa kiasi, ila si kwa miezi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua Maudite iliyokuwa imepangwa dirishani ili kupamba duka, kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Niliimwaga yote kwenye sinki. Chukua ya nyuma, iliyo kivulini, au ile iliyo kwenye sanduku.

Kisha kuna ukubwa. Chupa ndogo ni ya mililita 341, na kwa mtu anayeonja peke yake ndiyo ya busara. Kipimo kimoja cha kinywaji nchini Kanada ni sawa na mililita 341 za bia ya asilimia 5. Ukifanya hesabu, chupa moja ya mililita 750 ya La Fin du Monde ina vipimo karibu vinne. Chupa hiyo ni ya watu wawili au watatu mezani, na yeyote kati yao atakayeendesha gari asiwemo. Ukitaka kulinganisha bei, gawanya bei kwa mililita, maana chupa kubwa yenye kizibo cha koki si lazima iwe nafuu.

Quebec huuza bia katika maduka ya vyakula na vibanda vya mitaani hadi saa 5 usiku, kwa walio na umri wa miaka 18 na kuendelea, ilhali ng'ambo ya mpaka wa Ontario umri huo ni miaka 19. Nyumbani, chupa zisimame wima, zisilazwe kama mvinyo, kwa sababu zikilazwa chachu hujishikiza ubavuni na kutibuka unapomimina. Blanche inywewe ikiwa baridi ya jokofu. Nyeusi zipewe nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi, kwa maana zikiwa baridi kupita kiasi utapata kilevi na gesi tu, na zile zabibu na chokoleti ulizozilipia zitabaki zimelala chini ya glasi.