“Mathe, chuma bado kibichi”: sinia yangu ya leza

Nilikusudia kuipa nyota moja. Nilishaitoa kichwani nikiwa bado kwenye matatu ya kurudi Umoja, sinia nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Nina duka la maziwa, lile la ATM, mashine ya kujichotea maziwa. Kila anayechota humwaga kidogo, na ikifika saa sita hapo kwenye sinia chini ya bomba pameanza kunuka. Nikaambiwa kuna mafundi wa leza Industrial Area wanaochoma uso wa chuma kisichoshika kutu mpaka maji yanabingirika juu yake kama kwenye jani la nduma. Sisi tuliokulia shambani jani la nduma tunalijua: mvua inyeshe kutwa, jani halilowi. Nikalipa shilingi 6,500 kwa vipande viwili, sinia yenyewe na kibao kidogo cha kujaribia.

Siku ya kuchukua nikafungua chupa yangu ya maji pale pale kaunta, nikadondosha tone. Halikubaki tone hata kidogo! Lilitambaa upande huu na huu kama wino kwenye karatasi ya chooni, sinia ikalowa yote. Ile sinia yangu ya zamani, ya kununua sokoni, ilikuwa afadhali.

Nikamwita kijana wa kaunta. Macho hayakutoka kwenye simu. “Mathe, chuma bado kibichi. Kaa nacho wiki mbili, tatu hivi.”

Kibichi? Kwani ni ndizi? Halafu mathe! Nikamwuliza ubichi wa chuma ni nini. “Itajipa,” akasema, akaendelea kuchapa simu. Nyuma yake mwenzake akacheka. Niliongea hapo maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na pesa hazikurudi.

Mpwa wangu anasomea uhandisi. Alipoisikia hadithi, badala ya kukasirika pamoja nami akaanza kutabasamu. “Shangazi, yule kijana hakukudanganya. Ni adabu tu iliyompungukia.”

Akanieleza hivi. Leza huvukiza tabaka la juu la chuma na kuacha mifereji midogo isiyoonekana kwa macho. Uso uliotoka tu kuchomwa una oksidi (chuma kilichoungana na oksijeni) mpya, tupu, na oksidi ya namna hiyo ina kiu ya maji. Mifereji nayo haina upande: chuma kikipenda maji, yenyewe huzidisha mapenzi, na kikiyakataa, huzidisha kukataa. Sasa chuma kikikaa kwenye hewa, kinajikusanyia mabaki ya mafuta na moshi yanayoelea, vitu vya kaboni, vichache mno usivyoweza kuviona. Hivyo ndivyo vinavyokigeuza kikawa cha kukataa maji. Hewa hubanwa ndani ya mifereji, tone likabaki limesimama kwenye ncha tu. Pembe kati ya chuma na ubavu wa tone, ikipimwa kupitia ndani ya tone, ikizidi digrii 150, ndipo wataalamu husema uso umekataa maji kabisa.

Akaongeza kuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliandika kuhusu mageuzi haya mwaka 2009. Hapo ndipo hasira ilipanda upya. Yaani jambo limeandikwa miaka yote hiyo, na mtu aliyekula pesa yangu anaona “itajipa” inatosha?

Tukafanya mtihani. Kibao tulikizamisha kwenye beseni la maji na kukifunika. Sinia nikaiweka kwenye rafu ya jikoni, juu ya jiko la kukaangia, na barabara iko hapo nje na malori yake ya dizeli. Kila asubuhi tone moja. Siku za mwanzo lilitambaa vile vile. Baadaye likaanza kusitasita, likawa kama chapati iliyovimba katikati. Wiki ya tatu, kama sikosei, nilidondosha tone likaruka, likakimbia hadi ukingoni na kuanguka sakafuni. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Kibao cha kwenye beseni kilipokauka nacho nikakidondoshea: bado kinakunywa maji kama ngamia.

Kwa hiyo nyota nne. Tano, ukiniuliza wiki ile. Nilikuwa nawaita wateja waje waone.

Ila maziwa si maji. Yanabingirika vizuri, lakini yanayokwama pembeni yakikauka huacha utando, na juu ya utando tone halitembei tena. Msichana wangu wa dukani, kwa nia njema, akachukua waya wa kusugulia sufuria na sabuni, akasugua mpaka sinia ikang’aa. Iking’aa ujue mifereji imekwenda. Je, kuna aliyetuambia tusisugue? Karatasi ya maelezo? Hata neno? Nyota mbili.

Juzi nimerudi. Kazi yao ni nzuri, sina pa kwingine. Kijana ni yule yule, simu ile ile. “Karibu, mathe.” Nikamwambia anitengenezee nyingine na aniandikie kwa mkono wake mwenyewe: usitumie kabla ya wiki tatu, usisugue kwa waya. Akaandika, mwandiko wa kuku. Nimeibandika ukutani juu ya mashine.

Sinia mpya iko rafuni. Leo siku ya nne, na tone bado linatambaa.